Mkeka wa Mchawi wa Dhahabu: Kamari Iliyomo Ndani ya Umineko

Wasomaji wa Umineko no Naku Koro ni wamekuwa wakibishana tangu Agosti 2007 kuhusu nani aliua na aliuaje, na ubishi huo umezaa nadharia nyingi kuliko maiti zilizomo ndani ya hadithi, jambo ambalo si dogo. Swali ambalo mimi naona limepewa nafasi finyu ni jingine: nani aliweka dau, aliweka nini, na alitaka mchezo uishe vipi? Nitalijibu hapa kwa kirefu, na kwa kuwa haiwezekani kulijibu bila kufichua kila kitu, aliyekusudia kuisoma hadithi hii mwenyewe aishie hapa.

Kwa asiyeifahamu lakini hajali kufichuliwa, hii ni riwaya ya taswira, yaani hadithi ndefu inayosomwa kwenye kompyuta huku picha za wahusika, muziki na mvumo wa mvua vikifuatana na maandishi. Mwandishi wake ni Ryukishi07 wa kikundi cha 07th Expansion cha Japani, na iliuzwa kwa sehemu nane katika maonyesho ya Comiket, moja kila kiangazi na moja kila majira ya baridi, hadi Desemba 2010. Tarehe 4 Oktoba 1986, ukoo tajiri wa Ushiromiya unakutana katika kisiwa chao cha Rokkenjima kujadili urithi wa mzee Kinzo. Kimbunga kinaifunga bahari, na kufikia usiku wa manane wa tarehe 5 karibu wote wamekufa. Ndani ya jumba imetundikwa picha ya mchawi Beatrice, na chini yake pana maandishi ya fumbo yanayoahidi kwamba atakayelifumbua atapata tani 10 za dhahabu, zenye thamani ya yeni bilioni 20, pamoja na ukuu wa ukoo. Maandishi hayo hayo yanataja hatua kwa hatua utaratibu wa kafara, na mauaji yanaufuata. Sehemu nyingi zinazirudia siku hizo hizo mbili kwa namna nyingine, kila moja kama mchezo mpya kati ya Beatrice na Battler, mjukuu wa Kinzo.

Nina rafiki ambaye kila mwisho wa wiki anasuka mkeka wa kubashiri mechi za Ulaya. Nilimsimulia sehemu mbili za mwanzo nikitarajia aniulize habari za funguo na vyumba vilivyofungwa kwa ndani, maana ndiko wasomaji wengi huanzia, lakini yeye aliuliza jambo moja tu: kama muuaji anataka watu wafe, kwa nini anawapa njia ya kumshinda, tena anaiandika ukutani kila mtu aione? Mtu anayecheza kwa fedha zake huona haraka dau lilipo. Anayesoma kwa macho ya mpelelezi huliona fumbo la picha kama pambo, au kama mtego wa kuwapotezea watu muda, ilhali hilo fumbo ndilo mlango pekee wa kutokea ambao muuaji aliuacha wazi makusudi.

Hadithi yenyewe haifichi kwamba inazungumzia kamari. Tangu sehemu ya kwanza tunaelezwa imani ya mzee Kinzo kwamba nguvu ya uchawi hutokana na hatari ambayo mtu amekubali kuibeba, na kwamba kadiri uwezekano wa kushinda unavyopungua ndivyo muujiza unavyokuwa mkubwa. Huu si wazimu wa mzee aliyejifungia chumbani na vitabu vya mashetani, maana maisha yake yote yameusadiki. Alikuwa mtu wa tawi la mbali la ukoo, asiyetarajiwa kurithi chochote, hadi tetemeko la ardhi la Kanto la mwaka 1923 lilipoangamiza ukoo mkuu na wazee wakamkalisha kwenye kiti kama kinyago chao. Baadaye alipata dhahabu katika mazingira ya umwagaji damu mwishoni mwa vita, akaitumia kama dhamana ya mikopo, akayaweka yote katika biashara, na Vita vya Korea vilivyoanza mwaka 1950 vikaizidisha mali yake maradufu. Mtu aliyeshinda namna hiyo ataaminije kitu kingine?

Hata wachawi wanaotazama mchezo kutoka juu wamegawiwa kwa hesabu ya uwezekano. Bernkastel ni mchawi wa miujiza: maadamu uwezekano wa jambo si sifuri, yeye ataurudia mchezo mpaka jambo hilo litokee. Lambdadelta ni mchawi wa yakini, ambaye alichokiamua hutokea bila kukosa. Kati ya hao wawili ndipo inapozunguka ruleti ambayo wahusika huitaja mara kwa mara, gurudumu la shetani linalochagua nani afe kwanza na nani abaki.

Anayeijua ruleti ya kasino ataona mara moja kwamba gurudumu la Rokkenjima limegeuzwa. Gurudumu la Ulaya lina vishimo 37, kuanzia sifuri hadi 36, na ni hiyo sifuri moja inayoipa nyumba, yaani kasino yenyewe, faida yake ya asilimia 2.7, kwa sababu malipo ya anayeshinda huhesabiwa kana kwamba sifuri haipo. Nyumba haihitaji kudanganya. Inahitaji tu wachezaji waendelee kucheza. Huku kisiwani nyumba ni Beatrice, na nyumba hii inatamani ishindwe. Ameandaa mauaji kwa uangalifu wote, ametega saa iliyounganishwa na tani 900 za vilipuzi vilivyoachwa na jeshi chini ya ardhi, kisha ameketi akingoja mtu yeyote alifumbue fumbo ili mchezo usimame. Rafiki yangu alilisema vizuri kuliko nadharia nyingi nilizosoma: huyu amesuka mkeka huku akiomba uchanike.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote uko juu ya mlango wa kanisa dogo la kisiwani. Yapo maneno ya Kiingereza yaliyochongwa yanayosema kwamba mlango huo hufunguka kwa uwezekano wa mmoja tu katika kwadrilioni moja, yaani moja ikifuatwa na sifuri 15. Wasomaji wengi waliyapita kama majivuno ya tajiri. Wachache walioyatilia maanani waliunganisha mambo mawili: kwanza, kwamba kijiji cha utotoni cha Kinzo kinachotajwa katika fumbo hakiko Japani bali Taiwani, ambayo ilitawaliwa na Wajapani kuanzia 1895 hadi 1945, kando ya reli ya Tamsui, na pili, kwamba stesheni ya Qilian katika njia hiyo ina herufi sita, na herufi zote sita zimo ndani ya neno QUADRILLION lililochongwa mlangoni. Fumbo linasema sita waliochaguliwa na ufunguo watolewe kafara. Wasomaji walihesabu maiti sita. Kinzo alikuwa akihesabu herufi sita za kubonyezwa. Ufunguo wa dhahabu yote ile ni tarakimu ya uwezekano, na mzee aliuandika mahali ambapo kila mtu hupita akielekea kusali.

Nadharia za wasomaji nazo zilikuwa kamari ya aina yake, kwa kuwa baina ya sehemu moja na nyingine palikuwa na miezi mingi ya kungoja, na mtu aliyetangaza jibu lake Januari alijua Agosti itamwinua au itamwaibisha. Kilichoufanya ubishi uwe mtamu ni kanuni ya ukweli mwekundu: neno lolote ambalo mchawi analiandika kwa wino mwekundu ni kweli tupu na halihitaji ushahidi. Baadaye ukaongezwa ukweli wa buluu, ambao ni dai la mpinzani linalobaki limesimama hadi mchawi alivunje kwa wekundu. Kwa hiyo msomaji hakuwa akibahatisha gizani. Alikuwa na misumari michache iliyopigiliwa imara, na kazi yake ilikuwa kunyoosha kamba kati yake.

Nadharia ya kwanza iliyolipa ilikuwa kwamba Kinzo alikwisha kufa kabla mchezo haujaanza, na kwamba mwanawe Krauss na mkwewe Natsuhi walikuwa wakimficha ili hesabu za mali zisifunguliwe. Sehemu ya nne iliithibitisha. Nadharia iliyopendwa kwa muda mrefu bila kulipa ni ile inayoitwa Rosatrice, inayomfanya Rosa, binti mdogo wa Kinzo, kuwa muuaji wa michezo yote, na nakiri kwamba kwa ustadi wa hoja inastahili heshima hata leo, kwa sababu inapita katikati ya maneno mekundu bila kuyagusa. Nadharia ya washirika walionunuliwa, yaani kwamba watu wazima wenye madeni walikubali kudanganya kuhusu milango na funguo kwa ahadi ya dhahabu, iliwachosha wengi kwa kuwa inaonekana rahisi mno. Lakini watu wa ukoo huu wana madeni yaliyotajwa kwa kinaganaga tangu ukurasa wa kwanza, na sioni kwa nini mwandishi angetumia saa nzima kutusimulia shida zao za benki kama hazina kazi.

Iliyotikisa watu zaidi ni ile ya Shannon na Kanon, watumishi wawili vijana, mmoja msichana na mwingine mvulana, ambao macho ya mpelelezi hayakuwahi kuwaona wakiwa pamoja. Mwishoni mwa sehemu ya sita, Erika Furudo, mpelelezi mwenye majivuno aliyeingizwa kisiwani kama mgeni wa ziada, anapoteza pambano lake. Anasimama, anajitambulisha kwa heshima zote kuwa yeye ni mtu wa 18 katika kisiwa cha Rokkenjima. Anajibiwa kwa wekundu kwamba hata akijumuishwa yeye, watu ni 17. Hakuna kelele wala kilio katika mstari ule, ni hesabu ya kutoa tu, lakini naamini hapo ndipo wasomaji wengi walipofungua upya sehemu zote tano za nyuma na kuanza kupekua. Majina mawili, mwili mmoja. Na mwili huo mmoja ndio uliovaa pia vazi la Beatrice.

(Mpenzi wa hadithi za upelelezi atafurahi kujua kwamba sehemu ya tano inaleta amri kumi za uandishi wa hadithi hizo, za Ronald Knox, za mwaka 1929 kama silaha za mapambano, huku amri ya tano, ile ya kibaguzi inayokataza Mchina asionekane katika hadithi, ikiwa imeachwa kimya kimya, na kwamba sehemu ya saba ina mpelelezi anayeitwa Willard H. Wright, ambalo ndilo jina halisi la S. S. Van Dine aliyeandika kanuni ishirini mwaka 1928.)

Tukishajua mwili ni mmoja, dau linaonekana. Sayo Yasuda, mtumishi aliyelifumbua fumbo tangu mwaka 1984 na kurithi kila kitu kwa siri, ana mapenzi matatu yasiyoweza kukaa pamoja: kama Shannon anaposwa na George, kama Kanon anapendwa na Jessica (wote wawili wajukuu wa Kinzo), na kama Beatrice bado anamngojea Battler, aliyetoa ahadi ya kitoto miaka sita iliyopita akaondoka na kuisahau. Hawezi kuchagua bila kuziua nafsi mbili. Kuishi bila kuchagua hawezi, na ukweli kuhusu kuzaliwa kwake hauvumiliki. Kwa hiyo anaukabidhi uamuzi kwa gurudumu. Likisimama hapa, ataolewa na George. Likisimama pale, Battler atakumbuka. Lisiposimama popote, saa itafika usiku wa manane na kisiwa chote kitaruka. Wanaosema kwamba sababu ya mauaji haitoshi wanamhukumu kama mtu aliyetaka kuua, nami naona alitaka kuamuliwa.

Lipo pingamizi moja lenye nguvu, na wanaolileta hawabahatishi. Katika sehemu ya tatu Eva, binti mkubwa wa Kinzo, analifumbua fumbo mapema, na mauaji hayasimami. Mengi yanayofuata yanaweza kuwekwa mlangoni kwa Eva mwenyewe, ambaye anarithi dhahabu pamoja na cheo cha uchawi, lakini kifo cha daktari Nanjo hakiwezi, kwa kuwa Eva wakati huo yuko mbele ya macho ya Battler. Na mkono pekee unaobaki ni wa yule yule mtumishi anayehesabiwa kuwa amekwisha kufa. Basi nyumba imelipa ushindi kisha ikaendelea kuua wateja? Jibu langu ni kwamba mwandishi wa sehemu hiyo si Sayo. Sehemu mbili za mwanzo ndizo zilizotoka kwenye karatasi alizozitia katika chupa na kuzitupa baharini. Za tatu hadi ya sita zinatokana na kalamu ya Hachijo Tohya, mwandishi mwingine ndani ya hadithi hiyo hiyo, miaka mingi baadaye, na kalamu hiyo ina machungu yake yenyewe. Anayetafuta masharti ya kamari ayasome kwa mkono wa aliyeiweka.

Sehemu ya nane ilipotoka mwisho wa Desemba 2010, hasira ilikuwa kubwa, na haikuwa hasira ya bure. Mwandishi alikuwa tayari amewahi kutuhumiwa, katika hadithi yake ya awali, Higurashi no Naku Koro ni, kwamba alitoa jibu ambalo msomaji asingeweza kulikisia kwa haki. Safari hii alikataa kutoa jibu kwa maneno ya wazi. Mbaya zaidi, aliwaleta mbuzi. Majeshi ya mbuzi wenye miili ya watu yanalivamia jumba na kulitafuna, na kila mbuzi anapotafuna anatamka nadharia yake kuhusu nani aliua. Wasomaji waliojitesa kwa miaka mitatu wakikokotoa vyumba na funguo waliiona sura yao kwenye kioo, wakaambiwa wana pembe. Manga ya sehemu hiyo, yaani toleo lake la katuni, iliyochorwa na Kei Natsumi, ilikuja kuongeza maungamo ya mchawi na kueleza mengi yaliyofichwa, na hiyo peke yake inaonyesha malalamiko yalifika mahali pake.

Hata hivyo, nawatetea wale mbuzi kwa maana ambayo huenda mwandishi hakuikusudia, na ninamtetea mwandishi kwa maana ambayo mbuzi hawakutaka kuisikia. Ndani ya hadithi, baada ya 1986, dunia nzima inakisia nani aliua Rokkenjima. Aliyetoka hai ni Eva peke yake, na makisio ya wasiomjua yanamfanya muuaji katika kila gazeti, huku mpwa wake Ange, aliyekuwa mgonjwa na hakwenda kisiwani, akilelewa katika nyumba iliyojaa chuki na minong'ono. Kila nadharia ni dau, lakini anayelipa ikikosea si aliyeiweka. Ndiyo maana mchezaji wa sehemu ya nane anawekewa mbele jambo dogo kabisa: kikombe, peremende iliyotokea chini yake, na swali kama huo ni uchawi au ni kiini macho. Anayejibu kiini macho anapelekwa kwenye mwisho ambamo Ange, kwa kukokotoa tu, anaamua kwamba waliomsindikiza kwenye mashua wamepanga kumuua, akawawahi kwa risasi. Nadharia yake inaweza kuwa sahihi. Hakuna anayebaki hai wa kuithibitisha.

Sasa kuhusu gurudumu lenyewe, lilisimama wapi siku ile ya kweli? Sehemu ya saba, katika onyesho la mwisho ambalo wasomaji wengi hawakulisamehe, inaonyesha kwamba ndugu wote wazima walikaa pamoja usiku, wakaweka vichwa pamoja, wakalifumbua fumbo. Uwezekano wa mmoja katika kwadrilioni ulitokea. Sayo aliwapokea chini ya ardhi, akawaonyesha dhahabu, akawaeleza namna ya kuizima saa. Mkeka wake ulikuwa umechanika kama alivyoomba. Wakaanza kugombana juu ya mgao. Dhahabu isiyo na hati haiuziki kirahisi, mmoja anataka fedha taslimu wiki hii, mwingine anataka kungoja, sauti zinapanda, bunduki inashikwa na mikono miwili, na risasi inampata Natsuhi. Kuanzia hapo Rudolf, mwana wa Kinzo, na mkewe Kyrie wanafanya hesabu nyingine kabisa, wanageuza mitutu kwa wenzao, na mauaji ambayo mtumishi aliyaandaa kwa miaka miwili yanafanywa na watu ambao hakuwaomba.

Rafiki yangu wa mikeka alipofika hapo alisema mambo mawili. La kwanza ni kwamba mwandishi amecheza haki, kwa kuwa nyumba ililipa na ugomvi ulikuwa wa washindi. La pili, ambalo sikubaliani nalo hata kidogo, ni kwamba Eva alimpiga Natsuhi makusudi na akaizua habari ya bunduki kufyatuka. Mimi namkatalia kwa sababu ya ukimya wake. Eva aliishi miaka mingi akitukanwa na Ange, akijua kwamba neno moja kuhusu Kyrie na Rudolf lingemsafisha, na hakulisema mpaka akafa, maana hao walikuwa baba na mama wa yule mtoto. Mtu wa namna hiyo angeanza kwa kumuua wifi yake kwa sababu ya mgao? Yeye ananijibu kwamba watu hubadilika wakishapoteza kila kitu, na kwamba ukimya wenyewe unaweza kuwa malipo ya deni la ile risasi ya kwanza. Nimemwambia arudie onyesho lile aitazame ile mikono, kisha tuonane.